ROWAN ATKINSON: MCHESHI MWENYE KIGUGUMIZI

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Karibu sote twamjua Mr. Bean, yule jamaa wa koti la kahawia na tai nyekundu anayetuvunja mbavu kwenye runinga bila kusema lolote. Lakini je, mpenzi msomaji, wamjua mtu aliye nyuma ya sura ile? Hebu tumchambue.

Jina lake ni Rowan Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha akaenda Oxford kwa shahada ya pili. Kumbe yule bwege wa runinga ni msomi! Huko Oxford alikutana na mwandishi Richard Curtis, wakawa chanda na pete katika kazi.

Mwaka wa 1979 alianza kuvuma katika kipindi cha BBC kilichoitwa Not the Nine O'Clock News. Kisha, kati ya 1983 na 1989, akaigiza Blackadder, mtu mjanja mwenye ulimi mkali kama wembe.

Sasa tega sikio. Mtu huyu ana kigugumizi, na herufi B ndiyo humsumbua zaidi. Badala ya kuikwepa, aliitamka kwa mkazo uliopita kiasi, na mkazo huo wenyewe ukageuka kichekesho. Tena amewahi kueleza kwamba anapoigiza mtu mwingine, kigugumizi humtoka.

Nayaandika haya kwa kuwa mimi pia nina kigugumizi. Nikiinuka kusoma kifungu darasani, neno hunigandia kooni. Kabla sijalitoa, wengine washaangua kicheko, na kuna mmoja anayenimalizia sentensi eti ananisaidia! Ndiyo maana mijadala ya Chama chetu inapofanyika, mimi huketi nyuma nikinukuu tu.

Turudi kwa Atkinson. Mwaka wa 1987 alikwenda kwenye tamasha la vichekesho huko Montreal, Kanada. Aliomba aigize mbele ya wasemaji wa Kifaransa, si wa Kiingereza. Kwa nini? Alitaka kupima kama mwili peke yake waweza kuchekesha pasipo lugha. Mhusika huyo ndiye aliyekuja kuwa Mr. Bean, akaonekana kwenye runinga tarehe 1 Januari 1990. Vipindi vyake vilitengenezwa hadi 1995, na filamu zikafuata mwaka wa 1997 na 2007. Mtazame vizuri: nyusi, macho, mabega, hata vidole, vyote vyazungumza.

Lakini usidhani anaweza kazi ya kimya tu. Mwaka wa 1994, katika filamu ya vibonzo The Lion King, ambamo Simba na Rafiki wana majina ya Kiswahili chetu, yeye ndiye sauti ya Zazu, ndege hondohondo anayebwabwaja bila kituo. Yaani Mr. Bean ni mwili karibu bila sauti, na Zazu ni sauti bila mwili. Vyote viwili amevimudu mtu yule yule mwenye kigugumizi!

Hapa Kenya nako ana kisa. Mwaka wa 2001 alikuwa likizoni, na rubani wa ndege yao akazimia angani. Atkinson alishika usukani mpaka rubani alipozinduka, wakatua salama Wilson, Nairobi.

Je, twajifunza nini?

1. Kigugumizi si ujinga. Ulimi unaweza kukwama ilhali akili inakimbia.

2. Kuchekesha watu na kuchekwa ni mambo mawili tofauti. La kwanza mtu hulichagua mwenyewe.

3. Mwenzako akikwama, mngoje. Usimmalizie. Neno lake liko njiani.

Muhula ujao nimeshamwomba katibu wa Chama aniandike miongoni mwa wasemaji. Huenda nikachelewa kumaliza. Ningojeni.