Mihadarati: Usipigane peke yako, mtaa una wasaidizi

Mzazi, bila shaka wajua mwanao hufika shuleni saa ngapi. Je, wajua huwa wapi kati ya saa kumi na saa moja jioni, kabla hujarudi kutoka kazini? Katika saa hizo, na wakati wa likizo, kijana asiye na shughuli huonjeshwa pombe, bangi au sigara kwa urahisi.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Ndiyo maana anayeanza kutumia vileo akiwa na miaka 14 yumo katika hatari kubwa ya kuwa mraibu kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Kila mwaka unaompitisha salama ni faida.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mzazi mmoja. Wasaidizi ni hawa:

MAJIRANI: Patana na wazazi wa ploti au mtaa wenu kwamba anayemwona mtoto wa mwingine mahali pabaya atamwambia mzazi wake, naye mzazi hatakasirika.

SHERIA: Sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Ile ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara, na hata kuuza sigara moja moja. Kioski kikivunja sheria hizi, piga ripoti kwa chifu au polisi. Leseni za baa hutolewa na kaunti. Baa ikipangwa karibu na shule, wakazi wanaweza kuipinga, na barua yenye sahihi za wazazi wengi ina uzito kuliko manung'uniko ya mmoja.

SHULE: Mjue mwalimu wa ushauri kabla ya matatizo kutokea.

MICHEZO NA DINI: Timu ya kandanda, kwaya au madrasa husaidia iwapo kuna mtu mzima anayejua nani hakufika leo, na akaulizia.

DUKA LA DAWA: Vidonge vya usingizi na dawa za kikohozi zenye kodeini pia hulevya. Usiache mabaki yake nyumbani, wala usimtume mtoto kuzinunua.

Na ikiwa ameshaanza? Dalili ni kama kubadili marafiki ghafla, kukosa shule, macho mekundu na vitu kupotea nyumbani. Dalili moja si ushahidi. Muulize kwa upole, akiwa hajalewa.

Usimfungie chumbani ili aache. Aliyezoea pombe nyingi au vidonge vya usingizi akikatizwa ghafla anaweza kupata kifafa, hata kufa. Mpeleke hospitali. Waweza pia kupiga simu 1192 ya NACADA, bila malipo, upate ushauri. Kwa waraibu wa heroini, matibabu ya methadoni yalianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha yakafika Pwani.

Wiki hii, zungumza na jirani mmoja na mwalimu mmoja. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mikono mingi huikunja vyema zaidi.