SOMO: KITABU CHA KIKUNDI KINACHOSOMWA KWA SIMU



Ukipita barabara za hapa Karen utaona miche ya miti na maua imepangwa kando ya njia. Mteja akisimama hanunui tu, bali anauliza: huu nimwagilie mara ngapi? Mbona ule wa mwaka jana ulikauka? Akina mama humjibu, tena bure. Ujuzi huo ni mali. Leo tujifunze jinsi kikundi kinavyoweza kuuandika, kuutoa kama kitabu cha simu na kuuza, bila kununua programu yoyote.

Kwa nini tuandike wenyewe?

Karen Blixen alilima kahawa hapa hadi mwaka 1931. Kitabu chake, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937, na nyumba yake ni makumbusho tangu mwaka 1986. Humo ndani anamweleza mpishi wake, Kamante Gatura. Masimulizi ya Kamante mwenyewe yalitolewa mwaka 1975, katika kitabu kilichotayarishwa na Mmarekani, Peter Beard. Hesabu wenyewe: ni miaka 38 baada ya kile cha mwajiri wake. Siku hizo bila mpiga chapa hukuwa na kitabu. Sisi leo hatuna sababu ya kungoja hivyo.

Tulivyokosea

Kabla ya hatua za kazi, tuwaambie kosa letu. Tulikaa na kikundi kimoja cha miche, tukaandika kijitabu cha kubebesha maembe na avokado. Watu wakanunua, na pesa zikaingia kwa simu ya kijana aliyepiga chapa. Kijana hakuiba hata shilingi. Lakini mama mzee aliyetufundisha kazi yenyewe akauliza mkutanoni: "Mimi nilisema maneno, huyu akabonyeza mashine. Sasa mwenye kitabu ni nani?" Hatukuwa na jibu. Kikundi kikakaa miezi miwili bila kukutana. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haihusu kompyuta.

Hatua za kazi

1. Patana kwanza. Andikeni kwenye daftari la mikutano: nani anasimulia, nani anaandika, majina gani yatakaa kwenye jalada, pesa zitaingia wapi, zitagawanywaje. Wote watie sahihi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mwandishi huanza mara maandishi yanapokuwepo. Kuandikisha kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husaidia kuwa na ushahidi. Msinakili kitabu cha mtu mwingine, wala picha mliyookota kwenye intaneti. Pigeni picha zenu kwa simu.

2. Andika. Tumieni LibreOffice Writer, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010. Mkiwa saiba, ulizeni kama imewekwa. Kila kichwa cha sura kipeni mtindo ulioandikwa "Heading 1". Msikuze herufi kwa mkono tu, kwa sababu programu hutambua sura kwa mtindo huo, na msomaji hupata orodha ya yaliyomo ya kubonyeza. Kila siku wekeni nakala mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe ya kikundi. Flashi hupotea kama sindano.

3. Soma kwa sauti. Mmoja asome, aliyesimulia asikilize. Akisema "sikusema hivyo," sahihisheni papo hapo. Kosa la kipimo cha dawa au mbolea linaweza kuua shamba la mtu.

4. Jalada. GIMP ni programu ya bure ya picha. Picha moja safi na jina la kitabu kwa herufi kubwa vinatosha. Kumbukeni mteja ataliona likiwa dogo kama stempu.

5. Toa faili. Kuna aina mbili. PDF hufunguka karibu kwenye simu zote za kisasa, lakini ukurasa haubadiliki, kwa hiyo herufi huwa ndogo. Mkichagua PDF, punguzeni ukubwa wa ukurasa uwe kama wa daftari dogo. EPUB hujipanga kulingana na kioo cha simu, na mzee anaweza kukuza herufi, ila simu nyingi huhitaji programu ya kuifungua. Writer hutoa zote mbili. EPUB ikitoka vibaya, ipitisheni kwenye Calibre, programu nyingine ya bure. Halafu ifungueni kwenye simu tatu tofauti kabla ya kuuza.

Namba ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ukimuuzia jirani si lazima, lakini maduka ya vitabu na maktaba huipenda.

Kuuza na kuweka hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ziingie kwa namba ya M-Pesa ya kikundi, si ya mtu. Mweka hazina akiona pesa, aandike tarehe, kiasi na jina, ndipo katibu atume faili kwa WhatsApp.

Tuchukue mfano. Bei ni shilingi 100, mmeuza nakala 60: shilingi 6,000. Saiba, nauli na ada vimekula 1,500. Zimebaki 4,500. Hizo ndizo za kugawa, si zile 6,000. Na mjue mapema kwamba wengine watapeana faili bure. Huwezi kuwafunga wote. Wekeni namba ya kikundi ukurasa wa mwisho, ili hata aliyepewa bure aje kununua miche.

Na yule mama? Tulirudi kwake, tukaweka jina lake la kwanza kwenye jalada, na mgawo ukaandikwa daftarini. Alikisoma kwa simu ya mjukuu wake, akatuonyesha makosa mawili. Tukayasahihisha usiku huo huo.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni ujuzi gani ambao watu hutuuliza kila siku na sisi hujibu bure?
2. Kati yetu, nani anaujua zaidi, na je, tumemwuliza kama yuko tayari uandikwe?
3. Akifariki kesho, mgawo wake uende kwa nani?