Ukifika Busia, Uliza Roshani Inaangalia Wapi

Ukipita Busia ndani ya basi huoni mji, unaona lori. Foleni inakusindikiza hadi kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile ambacho marais wa Kenya na Uganda walikifungua rasmi Februari 2018, na kufikia hapo umeshatazama matairi na turubai hadi macho yamechoka. Ndiyo maana kila mgeni wangu namwambia neno moja: kabla hujaagiza chakula, panda ngazi. Ghorofa tatu zinatosha.

Wageni waliozoea Nairobi au Kampala hutafuta jengo refu kuliko yote. Hapa urefu hauna kazi kubwa. Cha kuuliza ni roshani inaangalia wapi, na wewe unakula saa ngapi. Uganda iko magharibi yetu. Asubuhi jua liko mgongoni mwako, na upande wa pili wote umemulikwa: mabati, migomba, vumbi jekundu la vichochoro, hata rangi ya nguo za watu. Jioni mambo yanageuka. Kuanzia saa kumi na moja hivi jua linakupiga usoni, na kile ulichopanda kukiona kinakuwa kivuli. Siku moja nilikuwa nimeshavuta kiti upande wa mpaka, mhudumu akaja na maji ya kunawa akaniambia, “Baba, hapo jua litakuumiza macho. Kaa huku, utarudi hapo likianza kuzama.” Nilimtii. Kama saa kumi na mbili na nusu akanihamishia sahani yangu mwenyewe, na jua likazamia Uganda mbele yangu, jekundu, kubwa kama sinia.

Basi kifungua kinywa kiwe upande wa magharibi. Agiza chai ya maziwa na mhogo wa kuchemsha, kisha tazama mji unavyoamka. Utaona wabadilishaji wa fedha wakiwa wameshika mabunda ya noti za nchi mbili. Utaona zile baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wengi wa wenyewe ni watu wenye ulemavu, na wamejijengea kazi ya kuvusha mizigo. Ukitazama vizuri utamwona mmoja akiinama kuzungusha mkono huku vijana wawili wakisukuma nyuma, shehena imefungwa kwa mipira hadi juu ya kichwa chake. Na utaziona bodaboda, ambazo jina lao lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba wasafiri kutoka forodha moja hadi nyingine. Ukiwa chini, hiyo ni kelele tu. Ukiwa juu unaelewa kwa nini walihitajika: kwa mtu mwenye mzigo, ule mwendo wa kati ya nchi na nchi si mfupi.

Kabla ya kukaa, kagua mambo machache. Matangi ya maji hupenda kuwekwa pembe ileile yenye mandhari bora, kwa hiyo zunguka paa lote kwanza. Tazama kama pana kivuli cha kweli au ni bati tupu. Mchana bati linawaka, na mvua ikinyesha hamsikizani. Uliza jiko liko wapi. Likiwa chini, supu itapanda ngazi zote hizo na kukufikia imepoa, na ugali pia. Harufu ya dizeli nayo haitulii karibu na barabara kuu, kwa hiyo mimi huchagua jengo lililojitenga nayo mtaa mmoja au miwili hata kama ni fupi zaidi. Na kamera iache mfukoni ukiwa umeelekea kituo cha forodha au maafisa. Piga picha za mji na machweo, lakini mpaka ni eneo la ulinzi, na kuombwa ufute picha mbele ya watu si jambo la kufurahisha.

Mvua za huku hupenda kuja alasiri, hasa Machi hadi Mei. Usizikimbie. Ikikatika, hewa imeoshwa na macho yanafika mbali.

Hewa ya namna hiyo ndiyo inayofaa kwa Malaba, takriban kilomita 30 kaskazini. Watu huidharau Malaba. Husema ni kituo cha lori tu, na kweli lori ziko, madereva wanapika kwenye vivuli vya trela zao wakingoja karatasi. Lakini panda ghorofa yoyote yenye upande wa magharibi na utauona Mwamba wa Tororo, jiwe lililosimama peke yake kwenye nchi tambarare, kilele chake karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukigeuza kiti kuelekea kaskazini, na kama mawingu hayajaamka, Mlima Elgon uko pale, mpana kuliko ulivyo mrefu, ingawa unafika mita 4,321. Wahi mapema. Nimeshawapeleka wageni saa nne wakakuta mawingu matupu, na niliumia kuliko wao. Chini yako kuna Mto Malaba, ambao ndio mpaka wenyewe, na reli ya zamani iliyofika Kampala mwaka 1931. Treni ya mizigo ikipita polepole, hata wenyeji huacha kutafuna.

Kuhusu chakula: upande wa Malaba ni kwa Wateso, ulizia ugali wa wimbi na mhogo. Ni wa kahawia na mzito, na unashibisha hadi kesho. Busia agiza ngege au mbuta aliyekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya na vitunguu, na mrenda pembeni. Samaki wa namna hiyo huchukua muda, kwa hiyo agiza kwanza ndipo uanze kutazama. Bei uliza mapema, na uliza kwa shilingi ya nchi gani. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo ukitamani ile chapati iliyokunjiwa mayai ambayo wenzetu huiita rolex, vuka ukaile ilikozaliwa.

Ukiwa na siku ya ziada, shuka kusini kupitia vilima vya Samia, upande wa Funyula na Sigalame. Hivi ndivyo vilima ambavyo wahunzi wa Kisamia walichimba chuma na kufua majembe yaliyosifika mbali. Hapo huhitaji ghorofa, maana kilima kimekupandisha bure, na Ziwa Victoria linajitokeza ghafla kwenye kona ya barabara. Ukifika Sio Port utakula samaki hatua chache kutoka mitumbwini, ukitazama Ghuba ya Berkeley.

Lakini kwa chakula cha jioni mimi hupendekeza kufika hadi Port Victoria, na tarehe ichague kwa mwezi. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza, kwa sababu huwavuta samaki kwa taa, na mbalamwezi huwaharibia kazi. Pigia simu unakotaka kulala na uulize kama mwezi umeshapotea. Ukiambiwa ndiyo, nenda, omba meza ya nje hata kama ni chini kabisa, na kaa ukilitazama ziwa. Kuanzia saa mbili taa zitaanza kutoka moja moja, hadi uone kama mji mzima umewashwa juu ya maji.