Kumtahini Aliye Mbali: Funzo kwa Mwalimu wa Darasa
Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga vyuo vikuu vingi, utetezi wa tasnifu za uzamivu ulihamia kwenye intaneti, na desturi hiyo ingalipo. Mjumbe anayeingia katika jopo kwa mara ya kwanza, akiwa mbali, hukutana na jambo moja gumu: kimya. Sauti huchelewa kufika. Asiyesubiri humkatiza mtahiniwa, akawa anapima woga wake, si elimu yake.

Ndugu mwanachuo, zingatia hilo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha mwaka 1974 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Wakisubiri 3, majibu ya watoto hurefuka, na wasiojibu hupungua. Basi uliza swali moja, nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 3, ndipo uongeze neno.