Manjano, Saratani na Picha Zilizofutwa

Msomaji, huenda una mama au mjomba huko Garsen, Ngao au Hola ambaye kila mwisho wa mwezi hukuomba umnunulie vidonge vya manjano mjini, kwa kuwa amesikia wazungu wamethibitisha kwamba vinatibu saratani. Kabla hujamkabidhi kondakta wa basi kifurushi hicho, yafaa ujue uthibitisho huo ulitoka wapi.

Manjano haya ni yale yale ya jikoni. Ndani yake mna kemikali iitwayo kurkumini, na kwa miaka mingi mmoja wa watafiti waliotajwa sana kuihusu alikuwa Bharat Aggarwal, wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, Marekani. Kisha wasomaji makini wakaanza kuzichunguza picha katika makala zake.

Picha gani? Mtafiti akitaka kujua kama dawa imepunguza protini fulani katika seli za saratani, huzitenganisha protini kwa nguvu za umeme, na mwishowe hupata picha ya vijistari vyeusi. Kistari kikiwa kinene, protini ni nyingi, kikififia, imepungua. Hapa picha si pambo. Ndiyo matokeo yenyewe, kama kipimo chako cha damu. Sasa kistari cha jaribio moja kikionekana tena katika jaribio jingine kwa jina jingine, mojawapo ya majaribio hayo halina ushahidi. Ni kama daktari akupe majibu ya maabara ya mgonjwa wa kitanda cha pili!

Mwaka 2016 jarida la Biochemical Pharmacology lilifuta makala 7 za Aggarwal na wenzake kwa mpigo, kwa kuwa data zake hazikuweza kutegemewa tena. Hadi leo makala zake zilizofutwa katika majarida mbalimbali zimepita 20. Kufutwa si hukumu ya udanganyifu, maana picha huweza kuchanganywa kwa uzembe. Lakini kwa mgonjwa tofauti hiyo ni ndogo. Wala tatizo si la mtu mmoja: mwaka huo huo Elisabeth Bik na wenzake walitoa hesabu ya makala 20,621 za sayansi ya tiba, na karibu 4 katika kila 100 zilikuwa na picha zenye kasoro za namna hii.

Ubaya ni kwamba makala ikifutwa, habari hiyo haifiki Garsen. Karatasi iliyo ndani ya kopo la vidonge hubaki vile vile, na muuzaji huendelea kuisoma kwa sauti.

Je, kwa wanadamu manjano yamefanya nini? Wanasayansi waliopitia majaribio zaidi ya 120 mwaka 2017 hawakuona hata moja lililolinganishwa ipasavyo na dawa bandia likafaulu. Utumbo hufyonza kurkumini kidogo mno. Vidonge vikali navyo vina hatari zake: Italia na Marekani zimeripoti watu walioumia ini baada ya kuvimeza, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumwuliza daktari wake.

Simaanishi kwamba mitishamba ni upuuzi. Dawa ya mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati za kando ya Mto Tana asili yake ni mmea wa Uchina, na Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba dawa hiyo ilijaribiwa na wengine, nchi baada ya nchi, ikasimama.

Basi manjano ya mchuzi mwachie mama. Lakini kama ana uvimbe kwenye titi, au anatokwa na damu ilhali hedhi ilikoma zamani, pesa za vidonge zigeuze nauli ya kumfikisha hospitali ya Hola au Malindi juma hili, kabla mto haujafurika na kukata barabara.