SOMO: KUJIBU MASWALI YA WATU MKUTANONI

Ndugu unayefundisha wenzako juu ya kipindupindu kwenye bomba la maji, ukimaliza kusema, watu watauliza. Jiandae hivi:

1. Sikiliza swali mpaka mwisho. Lirudie kwa sauti ili walio nyuma wasikie.

2. Usimcheke anayeuliza. Mtu akisema, "Nasikia dawa ya maji inaharibu uzazi," jua wengine wana hofu hiyo ila wamenyamaza. Jibu kwa upole: "Hapana. Klorini hutiwa kidogo, kwa kipimo, kuua vijidudu. Hata watu wa mijini hunywa maji yenye klorini."

3. Usibahatishe. Kwa mfano, maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha yana kipimo: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisifurike. Chumvi ikizidi, mtoto atadhurika. Kama hukumbuki, sema: "Sijui. Nitauliza zahanati, kesho nitawajibu."

4. Kesho yake rudi na jibu, mahali pale pale. Usiporudi, watu watashika uvumi.