Mwezi Mmoja Zahanatini: Kijana Anapojifunza kwa Vitendo na Kubadili Nia

Mwanafunzi wa kidato cha sita akimaliza mtihani wake wa taifa mwezi Mei, hubaki na kipindi kirefu cha kusubiri. Matokeo hutoka mwezi Julai, baadhi huitwa kwenye mafunzo ya JKT, na vyuo vikuu hufunguliwa mwaka unapokaribia kwisha. Katika kata za vijijini kama Busi, wilayani Kondoa, mkoa wa Dodoma, kipindi hicho huangukia msimu wa mavuno, na vijana wengi hukitumia shambani. Wachache huenda zahanatini na kuomba waonyeshwe kazi. Namna wanavyopokelewa huweza kuamua maisha yao ya baadaye, na huweza pia kumlinda au kumvunjia heshima mgonjwa aliyekuja kutibiwa siku hiyo.

Somo hili linawahusu wahudumu wa afya wanaopokea vijana hao, wagonjwa wanaohudumiwa mbele yao, na wazazi wanaosubiri nyumbani. Msichana anayesimuliwa humu ni wa mfano tu, ametungwa kwa ajili ya mafunzo. Taratibu za kazi na tukio la mwaka 2016 linaloelezwa hapa chini ni mambo ya kweli.

Siku ya kwanza: mipaka kabla ya kazi

Msichana huyo amesoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tangu kidato cha kwanza amekuwa akiitwa "daktari" na ndugu zake. Anafika zahanatini asubuhi akiwa na daftari jipya, akitarajia kuona watu wakitibiwa. Mganga mfawidhi anamketisha kwanza na kumweleza mambo ambayo hatayafanya: hatachoma sindano, hatatoa dawa, hatagusa kidonda wala damu, hataingia chumba cha kujifungulia, na hatakuwapo mtu anapopewa majibu ya kipimo cha VVU.

Kisha anaelezwa atakachofanya. Atasaidia kupanga foleni. Atashika mizani ya watoto mbele ya muuguzi. Atahesabu maboksi ya dawa pamoja na mtoa dawa. Atafuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapotembelea kaya. Anaonyeshwa namna ya kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, na anaonyeshwa sanduku la usalama la kutupia sindano, ambalo haruhusiwi kulifungua wala kulibeba. Anaambiwa pia kwamba ikitokea achomwe na kitu chenye damu, aseme papo hapo bila kuona haya, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72.

Maelezo hayo huchukua nusu saa. Mhudumu mwenye foleni ndefu huweza kushawishika kuyaruka, na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Kijana asiyeambiwa mipaka yake huwa tayari kufanya lolote analoagizwa, akidhani kwamba huko ndiko kujifunza.

Siri ya mgonjwa pale kila mtu anapojuana

Mwanafunzi anayejifunza katika hospitali kubwa ya mjini huwa mgeni kwa wagonjwa. Kijijini mambo ni tofauti. Aliyeketi kwenye benchi ni shangazi yake, mwalimu wake wa shule ya msingi, au mama wa rafiki yake. Kwa hiyo suala la siri ni zito zaidi katika zahanati ndogo kuliko katika hospitali ya rufaa.

Kanuni inayofaa ni kumwomba mgonjwa ridhaa wakati mwanafunzi hayupo chumbani. Mgonjwa akiulizwa mbele ya kijana, ataona vibaya kukataa. Muuguzi humtoa mwanafunzi nje, kisha husema maneno mepesi: "Mama, kuna binti anajifunza kazi hapa. Ukipenda ataingia, usipopenda atabaki nje, na huduma yako haitapungua." Mgonjwa akikataa, sababu haiulizwi.

Mgonjwa naye ajue kwamba haki hiyo ni yake hata kama hakuulizwa. Anaweza kusema, "Naomba tubaki wawili." Mhudumu mwema hatachukia.

Kwa upande wake, mwanafunzi huahidi kutozungumza nje habari za mtu yeyote aliyemwona zahanatini. Wala asimsalimie mtu sokoni kwa kumwuliza kama amepata nafuu. Swali hilo lina upendo ndani yake, lakini huwatangazia waliosimama karibu kwamba mtu huyo alikuwa mgonjwa.

Kazi ilivyo na kazi inavyodhaniwa

Katika wiki ya kwanza msichana anagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya afya hufanywa kwa kalamu. Kila mgonjwa huandikwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Anaona pia kwamba chanjo nyingi haziwezi kukaa nje ya joto la nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kwamba kuna mtu anayesoma kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni, hata siku za sikukuu. Mtu huyo hatajwi katika hotuba yoyote, lakini akizembea siku moja, watoto wa kijiji kizima huweza kuchanjwa kwa dawa isiyo na nguvu.

Anajifunza kwamba si kila homa ni malaria. Kipimo cha haraka kikitoa majibu kwamba hakuna vimelea, mganga huanza kutafuta sababu nyingine, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani bila dawa ya malaria. Msichana anashuhudia mzee mmoja akikasirika kwa jambo hilo, na anamsikia tabibu akimweleza kwa dakika kadhaa, kwa upole, mpaka mzee anaelewa. Hilo halimo katika kitabu chochote alichosoma shuleni.

Wiki ya pili anamwona mama ambaye mtoto wake hajaongezeka uzito kwa miezi miwili. Muuguzi hakimbilii dawa. Anauliza mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, nani anampikia mama akiwa shambani, na unga wa uji unatoka wapi. Mama anajibu kwamba unga huo ni wa mahindi na karanga za nyumbani, zilizobaki tangu msimu uliopita. Muuguzi anaandika jambo hilo, na siku ya pili anamwomba afisa afya wa kata aende kuiona akiba hiyo. Mama anaridhia mwanafunzi afuatane nao.

Tukio la 2016

Ili kuelewa kwa nini muuguzi alijali habari za karanga na mahindi, yafaa kukumbuka yaliyotokea katika ukanda huu wa kati mwaka 2016. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kuugua ugonjwa ambao haukufahamika upesi. Walitapika, waliumwa tumbo, macho yaligeuka manjano, na wengine walivimba tumbo. Uchunguzi ulihesabu wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka, na chakula kilichobainika kuwa na sumu hiyo kilikuwa mahindi. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, sumu hiyohiyo iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 walifariki.

Sumukuvu haina harufu wala ladha ya kuitambulisha, na mapishi ya kawaida hayaiondoi. Mahindi yanaweza kuonekana safi na bado yakawa nayo. Mtu akila kiasi kikubwa kwa muda mfupi, ini huharibika haraka. Akila kidogokidogo kwa miaka, hatari ya saratani ya ini huongezeka, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Watafiti wameihusisha pia na kudumaa kwa watoto.

Kinga yake iko mikononi mwa kaya. Mahindi na karanga hukaushwa juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, hadi zikauke vyema. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au kubadilika rangi huchambuliwa na kutupwa, wala hazipewi kuku au ng'ombe. Magunia hupangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Kukoboa mahindi kabla ya kusaga hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye pumba na kiini. Mtoto asiwekwe kwenye uji wa aina moja ya nafaka kila siku.

Katika ziara ile afisa afya anauliza maswali, anachota punje kiganjani, anatazama sakafu na paa. Halaumu mtu. Anamwonyesha mama karanga zilizosinyaa na kumsaidia kuzitenga. Msichana wa mfano wetu anarudi nyumbani jioni hiyo akiwaza jambo moja: kwamba mwaka 2016 wagonjwa walihitaji daktari, lakini pia walihitaji mtu wa kuuliza walikula nini, mtu wa kuchukua sampuli ya mahindi, na mtu wa maabara wa kuipima. Kabla ya hapo hakujua kwamba kazi hizo zina vyuo vyake.

Kubadili nia si kushindwa

Historia ya Tanzania ina mfano unaojulikana duniani wa mwanafunzi aliyejifunza kwa mikono yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa shule ya sekondari Magamba, alitengeneza aiskrimu na kuona kwamba maziwa yaliyokuwa ya moto yaliganda mapema kuliko yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Profesa Denis Osborne aliyekuwa ametembelea shule. Profesa hakulicheka swali, alilipima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe hakuishia katika fizikia. Alisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka na kufanya kazi katika fani hiyo. Hakuna anayesema kwamba alipotea njia.

Msichana wa Busi anapomweleza baba yake kwamba anafikiria afya ya mazingira au maabara, mzee ananyamaza kwa muda mrefu. Ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya masomo yake. Siku ya pili anakwenda zahanatini.

"Daktari," anamwambia mganga mfawidhi, "mlimfanya nini binti yangu? Kijiji chote kinamjua kuwa ni daktari."

"Mzee wangu," anajibu, "wewe umeniita daktari sasa hivi. Mimi ni tabibu. Nilisoma stashahada miaka mitatu. Je, kuna siku ulikuja na mgonjwa nikakwambia siwezi kumhudumia kwa sababu si daktari?"

Mzee anatabasamu kidogo. Mfawidhi hamwambii kwamba binti yuko sahihi. Anamwomba wakae watatu na wazungumze.

Maswali ya kumsaidia kijana kuamua

Mhudumu hana haki ya kumchagulia kijana kazi. Kazi yake ni kuuliza na kutoa taarifa za kweli. Maswali manne husaidia.

1. Ni kazi gani uliyoitazama ukatamani kuirudia kesho yake? Jibu la swali hili lina uzito kuliko jina la cheo.

2. Ni kazi gani iliyokuchosha? Kuogopa damu siku ya kwanza huisha kwa wengi. Kuchoka kusikiliza watu hakuishi kwa urahisi.

3. Masomo yako yanafungua mlango upi? Shahada ya udaktari wa tiba hudai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, nayo huchukua miaka 5 na mwaka 1 wa utarajali. Aliyesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia asiahidiwe mlango huo, bali aonyeshwe milango mingine iliyo wazi kwake.

4. Familia inaweza kubeba nini, na kwa muda gani? Swali hili lijibiwe mzazi akiwapo.

Msichana wa mfano wetu anaamua kuomba nafasi katika fani mbili, udaktari na afya ya mazingira, na kuacha matokeo ya Julai yaseme. Baba yake anakubali, kwa sharti kwamba kabla hajaondoka nyumbani aipange upya akiba yao ya mahindi. Wanaifanya kazi hiyo pamoja siku ya Jumamosi.

Ya kujadili kituoni

Wahudumu wajadili: ni nani kituoni kwao atakayempokea mwanafunzi na kumweleza mipaka? Mgonjwa huombwa ridhaa wapi, na nani akiwapo? Je, kijana huonyeshwa kazi ya mfamasia, ya maabara na ya afisa afya, au chumba cha mganga peke yake?

Wagonjwa na wazazi wajiulize: ikiwa kijana wao atarudi na nia tofauti na ile aliyoondoka nayo, watamsikiliza kwanza au watamkumbusha ng'ombe waliouzwa?

Kijana aliyeona kazi kwa macho yake huchagua akijua anachokichagua. Atakayekuja kuhudumiwa naye miaka kumi ijayo atanufaika na uchaguzi huo, hata kama hatajua kwamba ulianzia kwenye benchi la zahanati ya kata.